Prado ya dizeli ya kuvuta tela la maji hadi Mikese na kwenda kazini Posta: KZJ, KDJ au nibaki na petroli?

MkulimaWaMikese

Wakuu, heshima kwenu. Natafuta gari moja lifanye kazi mbili. Jumatatu hadi Ijumaa ni Kibaha hadi Posta na kurudi, kama kilomita 80 kwa siku, foleni ya Kimara na Ubungo ikiwemo. Mara mbili kwa mwezi ni shambani Mikese, kama kilomita 120 kutoka Kibaha, na kilomita 9 za mwisho ni udongo wa mfinyanzi ambao mvua ikinyesha gari la kawaida halipiti.

Tela lipo tayari. Ni la ekseli moja, tupu lina kilo 380, na halina breki. Kwenda linabeba tenki la plastiki la lita 1,000 likiwa na maji au mifuko 20 ya simenti, kurudi magunia ya mahindi.

Ninaowaza ni Prado 95 ya dizeli, Prado 120 ya dizeli, Hilux Vigo 2.5 double cabin, au Land Cruiser mkonga. Naomba kujua injini ipi inafaa kwa matumizi haya, nini cha kukagua kabla ya kulipa, na kama hilo tela naweza kuendelea nalo lilivyo.

Fundi_Gerezani

Mkuu, kabla ya kuchagua Prado soma herufi za mwanzo za namba ya chesisi. Watu wengi wanaambiwa "Prado ya dizeli" halafu wanaletewa kitu kingine. KZJ ina injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3.0 yenye turbo. KDJ ina 1KD-FTV, nayo lita 3.0, lakini ya komon reli, yaani nozeli zote zinalishwa na bomba moja la dizeli yenye presha kubwa, ile inayoitwa D-4D. TRJ ni petroli ya lita 2.7. VZJ na GRJ ni petroli za V6, lita 3.4 na 4.0. GDJ ni dizeli ya lita 2.8, yaani 1GD, iliyoingia kwenye Prado 150 mwaka 2015. TX na TZ zilizoandikwa nyuma hazisemi chochote kuhusu injini, ni daraja za vifaa tu kwa soko la Japani. Hilo TZ kumbuka lakini, nitalirudia.

KZJ ni injini rahisi kuihudumia na mafundi wake wamejaa kila mji. Ugonjwa wake mkuu ni joto. Silinda hedi yake ni ya alumini, na gari likichemsha vibaya, hata mara moja, hedi inapasuka katikati ya valvu. Chanzo mara nyingi si injini yenyewe. Ni rejeta iliyoziba ndani, klachi ya feni iliyochoka kiasi kwamba feni inazunguka kivivu, maji ya bomba yaliyowekwa badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta), au kung'olewa kwa thermostati, valvu inayofunguka maji yakipata joto.

Hiyo ya thermostati naomba niieleze kwa kuwa inaharibu magari mengi hapa nchini. Fundi anaing'oa akiamini maji yatapita kwa wingi na injini itapoa. Kwenye injini nyingi za Toyota thermostati ina sahani ya pili kwa chini, na injini ikipata moto sahani hiyo inafunga njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupitia rejeta. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote. Sehemu ya maji ya moto haifiki kwenye rejeta kabisa. Kwenye foleni huoni shida, ila ukifunga tela na kupanda mlima, gari linachemsha. Kwa hiyo ukikuta gari halina thermostati, usifurahie kwamba "limeshatibiwa". Uliza lilikuwa linachemsha kwa nini.

Jambo lingine, mshale wa joto wa Toyota hizi umetengenezwa ukae katikati hata joto linapopanda na kushuka. Ukiuona umeanza kusogea juu, hali tayari ni mbaya. Anayevuta tela na KZJ afunge kipima joto cha ziada chenye namba, kihisi chake kikae kwenye mpaipu wa juu wa rejeta, na king'ora. Ni kifaa cha bei ndogo sana ukilinganisha na hedi.

KDJ ina nguvu zaidi. Ile ya soko la Japani ina farasi 170 na msokoto wa Nm 352 kuanzia mizunguko 1,800 hivi. Petroli ya TRJ ina Nm 246 na inazipata kwenye mizunguko 3,800. Kwa mvutaji wa tela, tofauti ya namba hizo mbili za mizunguko ni kubwa kuliko tofauti ya farasi. KDJ inatembea na tela bila kulia, TRJ lazima uipandishe mizunguko kila ukikutana na mwinuko.

Ugonjwa wa KDJ uko kwenye nozeli zinazonyunyiza dizeli, kwenye washa (pete bapa) za shaba zinazokaa chini yake. Washa zikichoka, moto wa silinda unapenya juu na kuingia kwenye oili. Oili inaungua, inageuka masizi magumu kama mchanga mweusi, yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba mchujio wa kunyonyea oili. Presha ya oili inashuka taratibu, taa ya oili inawaka mwishoni kabisa, na wakati huo turbo na beringi za kranki zimeshakula hasara. Gari linaweza kuwa zuri nje na ndani, linavuta vizuri, huku mchujio umeziba nusu. Dawa ni kubadili washa kabla hazijavuja na kufungua sampu kuangalia. Ukikuta muuzaji anakataa sampu isifunguliwe, tafuta gari jingine.

Zote mbili, KZJ na KDJ, zinatumia mkanda wa taimingi. KZJ badilisha kila kilomita 100,000, KDJ kila 150,000, pamoja na kikazio na kapi yake. Dashibodi ina taa ya T-BELT inayowaka muda ukifika, lakini taa hiyo inazimwa na mtu yeyote anayejua utaratibu, hivyo kutowaka kwake si ushahidi. Mkanda ukikatika pistoni zinagonga valvu.

Mkonga wa 1HZ ni lita 4.2, silinda 6, hauna turbo, na ni mvumilivu kuliko zote ulizotaja. Utakufikisha Mikese miaka 20. Lakini Kibaha hadi Posta kila siku kwenye springi za majani, kelele na kona yake pana, utachoka wewe kabla yake. Nao una mkanda wa taimingi, wengi wanasahau.

GDJ kutoka Japani ina mnyororo wa taimingi, jambo jema. Ila ina chujio la masizi kwenye eksozi na tenki la AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafishia moshi. AdBlue ikiisha, ukizima gari haliwaki tena. Na chujio la masizi linahitaji mwendo mrefu ili lijichome lenyewe. Kwa bajeti ya anayewaza Prado 95 sidhani kama tunaizungumzia.

Nikichagua kwa matumizi yako: KDJ120, ya gia 5 ya otomatiki au ya manyuo, lakini kwa sharti la sampu kufunguliwa mbele yako.

BabaTela

Fundi amemaliza upande wa injini. Mimi nizungumzie tela, kwa sababu hatari iliyopo kwenye swali hili haiko kwenye gari.

Kilo 380 za tela, kilo 1,000 za maji, tenki lenyewe na kamba zake weka kilo 60. Jumla 1,440. Kitabu cha gari la aina hii kinatoa namba mbili za kuvuta: tela lenye breki, na tela lisilo na breki. Ya pili kwa kawaida ni kilo 750. Wewe uko karibu mara mbili ya kikomo, na hakuna Prado, Hilux wala mkonga utakaolibadilisha hilo. Prado yenyewe na watu wawili ni kama kilo 2,100. Ukiongeza 1,440, breki zilezile zinasimamisha zaidi ya tani tatu na nusu, maana yake umbali wa kusimama unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Tena tela halisimami nyuma yako kwa utulivu, linasukuma. Ukishika breki kwenye kona, au kwenye utelezi wa udongo wako wa kilomita 9, tela linausukuma mkia wa gari pembeni na gari linajikunja.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende kwenye breki za tela. Njia inayotengenezeka hapa nchini bila shida ni breki za kusukuma: kichwa cha tela kina bomba linaloteleza, gari likipunguza mwendo tela linalisukuma bomba, bomba linasukuma masta silinda ndogo, na mafuta ya breki yanakwenda kwenye madramu ya magurudumu ya tela. Utahitaji ekseli yenye madramu, kichwa chenye masta, mipaipu, na handibreki ya tela. Handibreki iunganishwe kwa waya mwembamba wa chuma kwenye gari, ili tela likichomoka waya uivute kabla haujakatika. Hakikisha kichwa kina kizuizi cha kurudi nyuma, la sivyo ukirivasi kwenye mwinuko tela litajishika breki lenyewe.

Minyororo ya usalama ni miwili, na ipishane umbo la X chini ya kichwa. Kichwa kikichomoka kinalala juu ya minyororo badala ya kuchimba lami.

Sasa tenki. Lile la plastiki la mviringo, simtanki la kusimama, limetengenezwa likae juu ya zege. Halikutengenezwa lisafiri. Ni refu, uzito uko juu, na mikanda ikilegea kidogo linazunguka. Tafuta matenki meupe ya mraba yenye kizimba cha chuma, lita 1,000, yale ya viwandani, lakini ulizia lilibeba nini kabla. Lililobeba kemikali usiweke maji ya kunywa hata ukiliosha mara kumi. Na safiri nalo likiwa limejaa hadi shingoni au tupu kabisa. Tenki la nusu ndilo linaloangusha tela: maji yanakimbilia mbele ukishika breki, yanakimbilia pembeni ukikata kona, na tela linaanza kucheza lenyewe hata ukiwa umenyoosha usukani.

Uzito wa kichwa cha tela unaolalia nyuma ya gari uwe karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela na mzigo, kwako ni kama kilo 140. Ukiwa mdogo sana tela litayumba ukifika 80. Ukiwa mkubwa sana mkia wa gari unalala, taa zinamulika angani na magurudumu ya mbele yanapoteza mshiko. Kumbuka kilo hizo 140 zinahesabiwa kama mzigo ndani ya gari, ni sawa na abiria wawili waliokaa kwenye bampa la nyuma.

Kigambo77

Mimi naona tofauti na ninyi. Mkulima anakwenda shamba mara 24 kwa mwaka. Kilomita 240 kwenda na kurudi, jumla 5,760. Kazini anakwenda kilomita 80 kwa siku, siku tano, tuseme wiki 48: 19,200. Zaidi ya robo tatu ya maisha ya hilo gari ni foleni. Na kwenye hiyo safari ya shamba tela lina mzigo mzito kwa uhakika wakati wa kwenda tu. Kwa nini asinunue TRJ ya petroli, isiyo na turbo, isiyo na nozeli za bei mbaya, halafu maji na simenti apeleke kwa Canter ya kukodi mara moja kwa mwezi? Au achimbe kisima, au ajenge tenki la kuvuna maji ya mvua shambani, tela la maji lisiwepo kabisa.

Fundi_Gerezani

Kigambo, hesabu yako ni sahihi, na hoja ya kuvuna maji ya mvua naiunga mkono kwa dhati. Tani moja ya maji kwa kilomita 120 ni maji ya gharama kubwa sana.

Lakini angalia aina ya foleni yake. Dizeli ya turbo inaumizwa na safari fupi, kilomita 4 au 5, injini haijapata joto unazima. Hapo EGR, valvu inayorudisha moshi wa eksozi kwenye injini, na njia za kuingizia hewa zinajaa masizi mazito kama lami, oili inachanganyika na dizeli isiyoungua. Yeye anakwenda kilomita 40 kila upande. Kutoka Kibaha hadi Mbezi injini imeshapata joto kamili kabla hajakutana na foleni ya Kimara. Hiyo si kazi mbaya kwa KDJ, mradi EGR isafishwe kila kilomita 40,000 hivi na oili isivushwe muda. Angekuwa anakaa Sinza na kufanya kazi Posta, ningemwambia achukue petroli bila kufikiri mara mbili.

Akibaki na tela, dizeli. Akiacha tela, TRJ.

NakuruDizeli

Habari zenu majirani. Niongeze moja tu kuhusu Hilux, na hata D-Max ya 3.0 ambayo kwetu Kenya inaunganishwa Nairobi na vipuri vyake vinapatikana.

Hilux Vigo na D-Max ni nne kwa nne ya muda. Kwenye lami unaendesha magurudumu ya nyuma tu, H2. Ukiingiza H4, yaani magurudumu yote manne, kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka sawasawa ilhali kwenye kona yanapita umbali tofauti, basi kitu kinachokunjika ni propela shafti na transfa. Utasikia usukani unakaza na gari linaruka kidogo kwenye kona. Prado 120 ni nne kwa nne muda wote, ina difu ya katikati inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka tofauti, kwa hiyo kwenye lami iliyolowa na trela nyuma magurudumu yote manne yanavuta na hakuna unachovunja. Kwa mtu anayetoka lami na kuingia tope na trela, hiyo ni faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kwenye tope unafunga difu ya katikati, ukitoka unaifungua.

Vigo 2.5 itavuta hiyo tani moja na nusu, lakini kwenye mlima utakuwa nyuma ya malori. Uzuri wake ni kwamba sehemu ya simenti unaweza kuipanga nyuma kwenye bodi na trela likabaki nyumbani. Soma kibao cha uzito cha gari husika kwanza, double cabin nyingi ukihesabu abiria hazibebi mifuko 20.

MkulimaWaMikese

Nashukuru sana wakuu, nimeelewa kwamba tela halitoki nyumbani bila breki. Wazo la kuvuna maji nalifanyia kazi, lakini simenti na mahindi vitabaki.

Nimepata KDJ120, otomatiki ya gia 5, odometa kilomita 168,000, taa ya T-BELT haiwaki, imeandikwa TZ nyuma. Muuzaji amekubali sampu ifunguliwe. Nina siku moja ya ukaguzi. Nianze wapi?

Fundi_Gerezani

Mwambie asiiwashe kabla hujafika. Gusa injini kwa mkono, ikiwa na joto rudi kesho yake. Injini ya baridi haiwezi kuficha siri.

Ukiwa na injini baridi, fungua rejeta kwanza. Kulanti iwe na rangi yake, nyekundu au waridi. Maji ya kahawia au yenye utando wa mafuta, maliza ukaguzi hapo. Chomoa kijiti cha oili: nyeusi ni kawaida kwa dizeli, lakini isugue kati ya vidole, ukihisi chembe kama mchanga hayo ndiyo yale masizi magumu niliyoyasema. Oili ikizidi alama ya juu na kunuka dizeli, nozeli inavuja.

Washa. Sikiliza sekunde 30 za mwanzo. Mlio mkavu wa kugonga unaoisha injini ikipata joto, pamoja na moshi mweupe unaochoma macho, ni nozeli. Mizunguko ikipanda na kushuka yenyewe bila kukanyaga mafuta, mara nyingi ni valvu ya kudhibiti dizeli kwenye pampu. Hiyo ni spea ndogo inayobadilishwa peke yake, usikubali uuziwe pampu nzima.

Injini ikipata joto, fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma taratibu. Mvuke kidogo si tatizo. Ikipuliza kwa nguvu kwa mapigo, na kifuniko ukikiweka bila kukifunga kinarukaruka, washa za nozeli zinavuja au pistoni zimechoka. Kisha unganisha kompyuta inayosoma Toyota na utazame marekebisho ya nozeli, silinda moja moja, injini ikiwa ya moto na haijakanyagwa. Kila moja iwe kati ya hasi 3 na chanya 3. Moja ikiwa nje, jua nozeli ya silinda hiyo iko njiani kufa. Nozeli mpya zina namba za fidia zinazoingizwa kwenye kompyuta ya gari. Fundi akifunga bila kuziingiza, gari litatetemeka na utaambiwa nozeli ni feki.

Halafu ndipo sampu. Mwaga oili ukiwa na chombo kisafi, shusha sampu ya chini, mulika mchujio wa kunyonyea. Ukiwa safi, umepata gari. Ukiwa na masizi kidogo, punguza bei kwa gharama ya washa na kazi yake, na sampu isafishwe yote. Ukiwa umeziba zaidi ya nusu, usinunue, hujui beringi zimekula kiasi gani. Oili ya kurudisha ni kama lita 7 na filta mpya.

Kilomita 168,000 na hakuna karatasi inayoonyesha mkanda ulibadilishwa lini: uhesabu haujabadilishwa. Weka kwenye bei.

Sasa hiyo TZ. Baadhi ya TZ zina mifuko ya hewa nyuma badala ya springi za koili. Piga magoti, tazama juu ya ekseli ya nyuma. Ukiona mifuko ya mpira, ipandishe na kuishusha kwa swichi, kisha liache saa nzima likiwa limezimwa na upime kwa futi toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Upande ukishuka, mfuko unavuja. Inabadilishika kuwa koili, na kwa mvuta tela ningefanya hivyo hata kama haivuji, ukachagua koili za mzigo mzito kidogo na shokapu mpya.

Gia boksi hiyo ya gia 5 haina kijiti cha kupimia oili kama zile za zamani. Kiwango kinapimwa kwa nati ya kufurikia, oili ikiwa na joto maalumu, kwa hiyo anayekwambia "nimeangalia, iko sawa" bila kuingia chini hajaangalia. Iendeshe: ikichelewa kuingia D zaidi ya sekunde moja, au ikigonga kutoka 2 kwenda 3, achana nayo. Ukinunua, mwaga na ujaze oili aina ya WS, rudia baada ya wiki mbili kwa sababu kila mara inatoka sehemu tu. Kwa kuvuta tela fanya hivyo kila kilomita 40,000. Ukiwa na tela weka wenzo kwenye 4, usiuache D. Gia ya 5 na mzigo inafanya gia boksi ipande na kushuka kila mwinuko, na kila kubadilika ni joto.

Mwisho jaribu difu ya katikati na L4, yaani nne kwa nne nzito, kwenye udongo. Bonyeza, tembea mita kadhaa mbele na nyuma, taa iache kupepesa na ibaki imewaka. Gari lisilotumiwa nne kwa nne nzito kwa miaka mingi huwa mota ya kufungia imekwama.

BabaTela

Kwenye ukaguzi huo ongeza chuma cha kuvutia tela kama kipo. Tazama matundu ya bolti kwenye chesisi kama yametanuka au kuna ufa. Kilichochomelewa kwenye bampa kikatae, kifungwe upya kwa bolti kwenye chesisi pande zote mbili. Waya za taa za tela zisigawanywe moja kwa moja kutoka taa za gari, ziwekewe rilei.

MkulimaWaMikese

Nimeelewa. Swali la mwisho kwa BabaTela: hizo kilo 140 za kichwani nazipimaje bila mizani ya kiwandani, na zikizidi nasogeza nini?

BabaTela

Mizani ya bafuni inatosha. Chukua ubao mgumu, weka tofali upande mmoja na mizani upande mwingine, umbali kati ya viegemeo viwili uwe sentimita 90. Kichwa cha tela kilalie juu ya ubao sentimita 30 kutoka kwenye tofali. Mizani itabeba theluthi moja, kwa hiyo unachokisoma zidisha kwa 3. Ukisoma 47 umefika. Kwanza soma ubao mtupu uutoe kwenye hesabu. Tela liwe sawa na ardhi, urefu uleule linapofungwa kwenye gari, na mzigo uwe ndani.

Cha kusogeza ni mzigo. Pima kutoka kwenye kichwa hadi katikati ya ekseli. Ikiwa ni mita 3, kitovu cha uzito wote kikae sentimita 30 mbele ya ekseli. Kwa simenti ni rahisi, unahamisha mfuko mmoja mmoja. Kwa tenki, weka alama ya rangi kwenye sakafu ya tela na uchomelee vyuma vya kona ili likae palepale kila safari. Ukikuta tenki haliwezi kusogea, ekseli ndiyo isogezwe, na wakati unachomelea ekseli mpya yenye madramu ndio wa kufanya hivyo, usiilipie kazi mara mbili. Safari ya kwanza simama Mlandizi, shika vikombe vya beringi za magurudumu yote mawili kwa kiganja. Ukishindwa kuacha kiganja hapo sekunde tano, beringi imekazwa mno au haina grisi, au breki inashika.